Kijito cha Mikindani: shajara ya vipimo, Aprili hadi Juni

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeanza. Watu wanne, ndoo mbili, kamba, sanduku la dawa za kupimia na daftari la kurasa 200. Mwalimu wa kemia ndiye mjuzi wa dawa, muuguzi anasimamia usafi wetu, kijana wa bodaboda anajua kila kichochoro cha kushukia bondeni, na mimi fundi wa mabomba nimekabidhiwa daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Kijito chenyewe hakina jina kwenye ramani. Kinachimbuka juu ya mtaa wetu wa Mikindani, Mombasa, karibu na barabara kuu, kinapita nyuma ya nyumba za kupanga, kinashuka bonde, kisha kinapotelea kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Mito inayotajwa kumwaga maji humo ni Kombeni na Tsalu. Hiki chetu ni uzi tu ubavuni, lakini ndicho tunachoishi nacho. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Tiwi. Mfereji ukikauka siku tatu, kina mama hushuka na madumu. Si ya kunywa, wanasema, ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Na vyombo vile vile ndivyo watoto wanavyopakuliwa wali.

Tumechagua vituo vitatu na kuvipa majina mepesi: Juu, Bondeni na Mikokoni. Muuguzi ametoa masharti kabla hatujagusa maji: glavu, mabuti ya mpira, hakuna kuingia majini, hakuna mtoto kusaidia kuteka. Pwani hii ina kichocho, na kidonda kidogo mguuni kinatosha kufungulia mlango maradhi mengine.

Tulishuka saa kumi jioni, kila mtu akishamaliza shughuli zake. Oksijeni iliyoyeyuka tunaipima kwa kuhesabu matone ya dawa. Kwa kifaa chetu kila tone ni miligramu 1 kwa lita. Juu, matone 6. Bondeni, matone 11. Kumi na moja! Tukapigiana viganja. Nimeandika pembeni kwa wino: *maji mazuri*. Mwalimu alikunja uso, akaiomba namba tena, akanyamaza.

Mikokoni kipima chumvi kilikataa. Kinaonyesha alama ya kushindwa, unakizima, unakiwasha, alama ile ile. Nimeandika: *kifaa kibovu*. Kijana wa boda amelaumiwa kwamba hakuisuuza ncha yake vizuri. Hakujibu.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Kifaa si kibovu.

Tumerudi Mikokoni saa kumi ile ile, tukakizamisha, kikasoma mikrosimensi 1,900 bila matatizo. Tukatazamana. Maji yale yale, kifaa kile kile, siku tisa tu zimepita. Kando yetu mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake akishona wavu. Alikuwa ametuona pia siku ya kwanza.

"Wanangu, mwapima maji gani?"

"Ya kijito, mzee wetu."

"Siku ile mlipokuja mwezi ulikuwa kumi na tatu. Bamvua laingia. Saa kumi bahari yote iko hapa, hadi kwenye ule mkoko wa mchu. Mlipima bahari nyinyi. Leo mwezi ishirini na mbili, maji mafu, na saa hii ndiyo yakupwa. Sasa ndiyo mwaona kijito."

Akarudi kwenye wavu wake. Nimeandika maneno yake hapa kama alivyoyasema kwa sababu yamebadilisha mradi mzima.

Mombasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo hujaa mwendo wa saa kumi, jioni na alfajiri, na hukupwa mwendo wa saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele takriban dakika 50, hata wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, yaani hayapandi wala kushuka sana, mambo yanakuwa kinyume: saa kumi ndiyo kupwa. Kipima chumvi chetu hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi). Hakivuki mikrosimensi 10,000, na maji ya bahari yanapita 50,000. Kilikuwa kinatuambia ukweli na sisi tukakiita kibovu.

Nimemwomba radhi kijana wa boda mbele ya wenzetu. Nimepiga pia mistari mitatu mipya kwenye daftari: *saa*, *mwezi ngapi* (kwa hesabu ya mwezi wa angani), *kupwa au kujaa*. Kuanzia leo kipimo kisicho na hayo matatu hakiingii kwenye jedwali. Mikokoni tutakwenda maji yakiwa yamekupwa tu, hata kama ni katikati ya siku ya kazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu usiku. Tumepima Juu peke yake. pH, yaani uchachu wa maji, 7.5, joto 26, oksijeni matone 6. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nitaandika kwa kirefu.

Mwalimu alikuwa hajatulia tangu yale matone kumi na moja. Juzi alinionyesha jedwali katika kitabu chake. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 yanachukua kama miligramu 9 kwa lita kutoka hewani, kwenye nyuzi 30 hata 8 hayafiki. Kijito chetu siku ile kilikuwa na nyuzi 29. Hewa peke yake haiwezi kukipa 11. "Kuna kitu ndani ya maji kinachotengeneza oksijeni," alisema, "na nakishuku kile kijani."

Kijani anachokisema ni ule utando ulioshika mawe ya Bondeni, laini kama nywele, unaovutwa na mkondo. Tuliupita mara mbili bila kuuandika. Mimea ile hutengeneza oksijeni jua likiwaka, na kinachoinenepesha ni mbolea ya bure: nitrojeni na fosforasi kutoka maji ya chooni na mapovu ya sabuni. Lakini usiku hakuna jua. Usiku mimea nayo huvuta pumzi, pamoja na vijidudu vyote vinavyoozesha uchafu, na oksijeni yote inaliwa. Basi ukitaka kujua hali ya samaki na wadudu wanaoishi humo, usiende saa kumi jioni. Nenda kabla ya jua kuchomoza.

Tulikutana baada ya swala ya alfajiri. Giza lilikuwa bado bondeni, na muuguzi alishika tochi. Tuliijaza chupa ya kioo mpaka shingoni, tukaifunga ikiwa ndani ya maji ili kisibaki hata kipovu kimoja, maana kipovu ni hewa na hewa hudanganya. Mwalimu alitia unga wa kwanza, akatia wa pili, akaipindua chupa mara kadhaa, akaisimamisha juu ya jiwe.

Jioni ile ya kwanza, ndani ya chupa zilikuwa zimejitokeza chenga za kahawia, rangi ya kahawa tungu. Kahawia ndiyo alama kwamba oksijeni imo. Tulisubiri. Chenga zikaanza kutua polepole kwenye mwanga wa tochi, na zilikuwa nyeupe. Nyeupe kama maziwa yaliyokatika. Mwalimu aliinua chupa karibu na macho, akaiweka chini, akasema taratibu, "Hamna kitu humu." Dawa zilizobaki alizitia kwa kukamilisha kazi tu. Tone moja lilitosha kuondoa rangi yote.

Matone kumi na moja jioni, tone moja alfajiri. Kijito kimoja, jiwe moja.

Njia hii aliibuni Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, na maabara bado huitumia kuhakiki vipima vya umeme vya gharama kubwa. Nimefurahi kwamba chombo tulichomudu kununua ni cha kuaminika. Nimesikitika kwamba nilikitumia kuandika *maji mazuri* kuhusu maji yanayokosa pumzi kila usiku. Maneno yale sijayafuta. Nimeyapiga mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, nikatia tarehe na sahihi. Mwalimu anasema daftari la vipimo halifutwi, na nakubaliana naye kabisa.

Uamuzi: Juu na Bondeni ni alfajiri, siku zote. Mikokoni ni kupwa, kwa kufuata mwezi.

Jumamosi, 17 Mei

Masika imeshika kweli. Kijito kimekuwa rangi ya chai ya maziwa na kinanguruma. Hatukukaribia ukingo, tuliteka kwa ndoo ya kamba kutoka kwenye kivuko cha mbao.

Mrija wa uangavu umefanya kazi yake vizuri. Ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani, chini limechorwa duara la weusi na weupe. Unamimina maji kidogo kidogo ukichungulia kutoka juu, duara likipotea unasoma urefu. Asili yake ni kisahani alichozamisha padri Angelo Secchi katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865. Leo duara limepotea kwenye sentimita 6. Wiki zisizo na mvua hata mrija ukijaa bado tunaliona.

Udongo huu una madhara yake. Wazee wa upande wa Mwache wanakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, jinsi tope lilivyofukia mikoko mpaka ikakauka imesimama. Mchu na mlilana hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza matopeni. Ukivifukia, umeuziba mti pua. Mikoko yetu hapa chini imevumilia maji taka miaka mingi, na watafiti wamekuja kuichunguza kwa ajili hiyo hiyo, lakini uvumilivu wake si ruhusa ya kuendelea kuitwisha.

Sampuli za bakteria zimeharibika. Zinapaswa kukaa kwenye barafu na kufika maabara mapema, ndani ya saa 6 ikiwezekana. Tulikwama njiani kuingia kisiwani, barafu ikayeyuka, na tulipofika tukaambiwa mapokezi yamefungwa mpaka Jumatatu, ingawa kwa simu tulikuwa tumeahidiwa mtu. Chupa sita, nauli, na asubuhi nzima ya watu wanne. Nimeumia. Safari nyingine tutapima siku ya kazi na tutachukua kasha la barafu la mwuza samaki, lile nene.

Jumamosi, 24 Mei

Leo tumepima bila dawa. Afrika Kusini wana mtindo uitwao miniSASS: unatafuta wadudu wa majini kwa wavu mdogo, unawapanga kwa makundi, na kila kundi lina alama zake kulingana na linavyostahimili uchafu. Dawa inakueleza maji ya dakika hiyo. Mdudu amekaa humo wiki nyingi, mchana na usiku, jua na mvua, kwa hiyo yeye hana saa ya kutudanganya.

Juu, ndani ya beseni jeupe, tumepata watoto wa kereng'ende wawili, wafupi, wanene, wenye macho makubwa, wakitembea juu ya majani yaliyooza. Kijana wa boda hakuamini kwamba kereng'ende anayeruka anaanza maisha majini. Alibaki amechutama pale dakika nyingi.

Bondeni hakukuwa na kereng'ende hata mmoja. Beseni lilikuwa na funza wekundu, wembamba kama uzi wa kushonea, kila mmoja akijikunja na kujikunjua kama anayeandika namba nane. Wekundu wao unatokana na himoglobini, kama ile iliyo kwenye damu yetu. Ndiyo inayowawezesha kukamata oksijeni kidogo iliyosalia pale wengine wanapokufa. Niliwahesabu hadi 40 nikaacha. Vile vitone vyekundu kwenye plastiki nyeupe vilitueleza kile kile ambacho chupa ya alfajiri ilitueleza, na safari hii hata asiyejua kusoma namba angeelewa.

Alikuja kutazama bibi mmoja anayeuza mahamri pale juu ya ngazi. Aliinama, akaziba pua kwa mtandio.

"Ndio haya yanayonuka Ijumaa usiku?"

"Ijumaa usiku, bibi?"

"Mimi naamka saa nane kukanda unga. Siku nyingine ni harufu ya kawaida. Ijumaa kuamkia Jumamosi, siwezi hata kufungua dirisha."

Mwalimu akanitazama. Tumekuwa tukipima alfajiri ya Jumamosi kwa sababu tu ndiyo siku yetu ya nafasi.

Jumamosi, 31 Mei

Tumekesha. Tulikwenda na mzee wa mtaa, maana usiku hatukutaka kutembea bila mtu anayejulikana na wote. Tuliketi kwenye baraza ya yule bibi, naye alitupa chai ya tangawizi na hakutaka pesa.

Saa nane kasoro robo nikasikia mlio. Wenzangu walidhani ni jenereta. Mimi nausikia mlio huo kila wiki kazini: ni pampu ndogo ya petroli, ile ya kunyonya shimo. Dakika chache baadaye harufu ikafika.

Tulishuka na tochi zimezimwa, tukifuata sauti ya maji. Bomba lilikuwa chini ya ukuta wa jengo la vyumba vya kupanga, limefunikwa magunia mawili na matofali. Plastiki ya inchi nne, kiungo kipya, gundi yake bado inang'aa. Kazi safi. Aliyeifanya ni fundi, si mtu wa kubahatisha. Maji meusi yalitoka kwa nguvu karibu dakika 40, kisha pampu ikanyamaza na bomba likabaki likidondoka.

Mwalimu alipima juu ya bomba na chini yake. Juu ya bomba, matone 4. Chini yake, chenga nyeupe, na karatasi ya kupimia amonia, dalili ya maji ya chooni, ikaiva rangi mpaka mwisho wa kipimo chake. Nimeandika kila kitu: saa ya kuanza, saa ya kukoma, mwezi ngapi, majina ya waliokuwepo. Mzee wa mtaa ametia sahihi.

Sijalala tangu hapo. Nimefunga mabomba Mombasa miaka kumi na tisa. Wapo wateja walioniambia, "Fundi, hii ya jikoni itupe tu kwenye mtaro," nami nikaitupa, nikalipwa, nikaenda kwa mteja mwingine. Sikuwahi kufuata mtaro kuona unaishia wapi. Nyumba mbili nazikumbuka vizuri, na moja iko kwenye mteremko huu huu. Kesho kutwa nitakwenda kuzungumza na mwenyewe. Vifaa nitaleta mimi, na kazi sitamlipisha.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeunganisha upya bomba la ile nyumba, sasa linaingia kwenye shimo lake. Mwenye nyumba alishangaa kwamba silipishi, kisha akaniletea soda. Ya pili, aliyeijenga amehama na waliopo hawana ruhusa ya kubomoa. Nitaendelea kumtafuta.

Jumamosi, 14 Juni

Jumatano tulipeleka barua kuhusu lile bomba katika ofisi inayohusika na mambo haya. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga maji taka mtoni bila leseni. Tumeyataja yote mawili, kwa heshima, ukurasa mmoja, na jedwali nyuma yake.

Ofisa aliipokea bila haraka. Bila shaka barua za harufu mbaya hupokea nyingi. Akageuza ukurasa, akauliza, "Hii ilikuwa saa ngapi?" Nikamwonyesha safu ya kwanza. "Na bahari ilikuwa imejaa?" Safu ya tatu. Akavuta kiti, akatwambia tuketi, akachukua kalamu akaanza kunakili. Aliuliza kuhusu alfajiri, aliuliza dawa tunazotumia, na aliuliza kwa nini *maji mazuri* imepigwa mstari. Nikamweleza yote.

Usiku wa kuamkia leo wamekuja watu wawili kutoka huko, na chupa zao na kasha lao la barafu. Pampu iliwaka saa nane na dakika tano. Wameondoka na sampuli zao na picha za bomba. Majibu yao tunayangoja.

Vipimo vya leo. Juu, alfajiri: matone 6, watoto wa kereng'ende watatu. Bondeni, alfajiri: tone 1, funza wekundu wengi. Mikokoni tumekwenda saa tano na nusu, mwezi umepita kumi na tano, bamvua, maji yamekupwa: mikrosimensi 2,100, oksijeni matone 2. Yule mzee alikuwa kwenye mtumbwi wake. Ametwambia Jumamosi ijayo maji yatakuwa mafu, kupwa ni mchana wa alasiri, tusije mapema. Nimeiandika tayari juu ya ukurasa wa wiki ijayo.